Kilichokuwa Chini ya GLAD HOTEL

Ukipewa neno la kuandika juu ya mlango wa mtu, usianzie kushoto. Anzia katikati. Hesabu herufi, piga uzi wa chaki, tafuta herufi ya kati, kisha uende pande zote mbili kama mtu anayefungua mikono kumpokea mgeni. Najua ninyi mnaochapa mabango kwa mashine hamna haja na ushauri huu. Mnabonyeza, neno linajipanga lenyewe, mnaenda kunywa soda. Lakini vijana wa duka la kuchapa pale mjini Meru waliniomba niwaandikie niliyoyaona katika kazi ya brashi, na siwezi kuanzia mahali pengine, kwa sababu mimi mwenyewe nilianzia kushoto.

Ilikuwa Gakoromone, kwenye ukuta wa hoteli ya mama mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, mkabala na wauza ndizi. Alitaka HAPPY HOTEL. Niliandika HAPPY kwa madaha, herufi pana kama mabega ya fahali. Nikaingia HOTEL kwa kishindo, na nilipomaliza E, ukuta ukaisha.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Fundi, L iko wapi?"

"Inakuja, mama."

"Inatoka Nairobi ama?"

Wauza ndizi waliacha kuuza. L niliiandika upande wa pili wa kona, ikiwa peke yake, ikitazama choo cha soko. Miaka mingi watu walielekezana wakisema, "Shukia kwa Hote." Yule mama alifunga hoteli, ukuta ukapakwa rangi nyingine mara nyingi, na bado nimewasikia watoto wa watoto wa wale wauza ndizi wakisema kwa Hote, bila kujua Hote alikuwa nani. Pengine wanadhani alikuwa mzee fulani tajiri.

Niliacha shule mapema. Si kwamba nilikuwa mjinga, na karo si sababu pia, ingawa haikuwepo. Sikuweza kukaa. Nilizaliwa Chuka, kati ya Meru na Embu, na nadhani mtu akizaliwa katikati ya barabara atakuwa anatazama huku na huku maisha yake yote. Mwalimu akiandika ubaoni, mimi niliangalia mkono wake unavyozunguka kwenye herufi, siyo alichoandika. Kwa hiyo kazi ilinijua kabla mimi sijaijua.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Abdalla wa Majengo, Meru. Kwao walikuwa wachinjaji na wauza nyama, baba na ndugu zake wote, lakini yeye alinukia tapentaini. Alinikuta kwa Hote nikiitazama ile L yangu kama mtu aliyefiwa.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Inaonekana." Akanipa kopo lake la brashi nimbebee, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, changu kilikuwa cha shule na cha stendi. Nikisema kitu kombo alinigonga bega kwa ile fimbo ya kuegemezea mkono. "Wewe Mmeru utaniua."

"Mimi si Mmeru, Fundi. Ni Mchuka."

"Basi utaniua ukitoka mbali zaidi."

Abdalla alikuwa na sheria moja asiyoivunja hata kwa rafiki. Ukipewa bango la zamani uandike upya, lisugue kwa msasa mpaka kiganja kipite juu yake bila kukwama. Rangi ya glosi ni nene. Herufi iliyopakwa mara mbili huacha tuta dogo, na ukipaka juu yake bila kulisugua, mchana utaona kazi safi, lakini jua likija kutoka ubavuni, asubuhi au jioni, lile tuta linatupa kivuli na neno la zamani linasimama tena. "Herufi ya zamani ina kinyongo," alisema. "Usipoing'oa itakaa chini ya kazi yako, ikingojea siku ambayo una mgeni." Na nyekundu ndiyo mbaya zaidi. Nyekundu hupenya. Ukiifunika na nyeupe, baada ya wiki chache nyeupe inaona haya, inakuwa waridi. Dawa yake ni kupaka rangi ya fedha kwanza, ile ya matangi ya maji. Hiyo iandikeni mahali, maana ipo siku umeme utapotea.

Nikiwa na Abdalla ndipo nilipoanza kusumbuliwa na maneno. Niliona kwamba hakuna mtu aliyewahi kuagiza bango la huzuni. Sijawahi kuandika Majonzi Butchery. Kila mtu, hata yule ambaye alikuwa amegombana na mkewe asubuhi hiyo, alitaka HAPPY, au MERRY, au JOY, au GLAD, na alilitaka kwa Kiingereza, kana kwamba furaha hutoka ng'ambo pamoja na rangi. Abdalla peke yake ndiye aliyepinga. Kwenye duka la nyama la ndugu yake aliandika HERI, basi.

"Kwani heri na happy si kitu kimoja?" nilimuuliza.

"Andika wewe."

"Na glad je? Ina tofauti gani na happy?"

"Ina herufi moja pungufu. Andika!"

Nikaandika. Lakini swali liliingia kama mwiba wa migunga ya kule chini Mbeere; sikulitoa, nikatembea nalo. Nilitembea nalo Embu, Runyenjes, Siakago. Nilipata kazi wiki mbili hapa, mwezi pale. Popote nilipoandika neno la furaha nilimuuliza mwenye duka lina maana gani hasa, na wote walinijibu kwa neno lingine la furaha.

Jibu nililipata karibu na Kiambere. Nilikuwa nimeitwa kupaka upya mabango ya kuwaonya watu wasiogelee kwenye bwawa, na nikapanga chumba kwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, Mwalimu Njeru, aliyekuwa akipanda ndengu na kufuga mbuzi. Alikuwa na kamusi moja ya Kiingereza, kubwa kama tofali la kuchoma, iliyoeleza kila neno lilitoka wapi. Mbuzi alikuwa amekula mwisho wake, kuanzia Z kurudi W. Ndiyo maana mpaka leo sijui chochote kuhusu maneno ya mwishoni.

Tulikaa nje, yeye akipeta ndengu, mimi na kamusi magotini. Nilimwambia tuanze na happy.

"Happy," alisema, "ni mtoto wa neno la kale, hap. Bahati. Kitu kinachokuangukia. Hata neno lao la kusema jambo limetokea lilizaliwa nyumba hiyo hiyo. Zamani Mwingereza akisema fulani ni happy, hakumaanisha anacheka. Alimaanisha mvua imenyesha shambani kwake na ikapita la jirani."

"Kwa hiyo ni kama heri?"

"Karibu sana."

Nikamkumbuka Abdalla na HERI yake, nikacheka peke yangu. Mzee yule hakujua Kiingereza cha kuombea maji.

Merry, Mwalimu alisema, ina ubishi. Kuna wataalamu wanaodhani mzizi wake ni neno la ufupi: lile linalofanya wakati uonekane mfupi. Hilo halikuhitaji mtaalamu. Kila mtu aliyewahi kwenda harusi analijua.

"Na glad?"

Aliweka ungo chini. Nadhani neno hili alilipenda, kwa maana aliacha kupeta. "Glad iling'aa kabla haijafurahi," alisema. "Wale wa kale waliitumia kwa dhahabu, kwa moto, kwa jua, kwa jicho la mtu. Kitu chenye kumetameta. Ndugu zake wako katika lugha jirani mpaka leo. Kwa Wajerumani limekuwa neno la kitu laini. Kwa Waholanzi ni kitu kinachoteleza."

"Kinateleza vipi, Mwalimu? Furaha inateleza?"

"Wewe umewahi kuishika?"

Nikageuza ukurasa.

"Basi watu waliona uso wa mtu uking'aa," aliendelea, "wakasema huyu ni glad. Neno likahama polepole kutoka usoni likaingia moyoni, likajenga huko. Siku hizi hakuna anayesema dhahabu ni glad."

"Ule mng'aro ulienda wapi? Neno liliusahau kabisa?"

Mwalimu akachukua ungo wake. "Hilo sijui. Muulize yule mbuzi."

Tangu siku hiyo sikuweza kufungua kopo la glosi bila kulifikiria neno hilo. Rangi ya glosi ikiwa mbichi, ukiinama juu yake, unajiona uso. Nilikuwa nimeandika GLAD mara nyingi kwa rangi inayong'aa, na sikujua kwamba nimeandika kitu na rangi yake.

Sasa niwaambie habari ya Githongo, ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika haya.

Githongo kulikuwa na fundi wa baiskeli aitwaye Mutwiri. Bango lake nililiandika mimi: MUTWIRI BAISKELI, nyekundu juu ya rangi ya maziwa. Alitaka herufi ambazo mtu anayetoka kiwanda cha kahawa atazisoma akiwa bado mbali, kwa hiyo nilipaka mara mbili, nene kama uji uliopoa. Duka lilikuwa kwenye ploti ya baba yake, Mzee M'Rutere. Mutwiri aliugua kifua, akafa angali kijana. Akamwacha mkewe, Gladys Kagwiria, na wasichana wawili.

Kagwiria alikuwa akipika chai nyumbani na kuipeleka kiwandani kwa chupa, na wafanyakazi wa kule walimwita Mama Glad. Alipoona watoto hawawezi kuishi kwa chupa mbili za chai, alimwomba baba mkwe wake ile nafasi ya Mutwiri afungue hoteli. Kirimi, kaka mkubwa wa Mutwiri, naye aliitaka nafasi hiyo hiyo afungue duka la mbegu na dawa za mifugo. Mzee alimwambia Kirimi asubiri. Atampa mke wa marehemu nafasi moja, na akishindwa, duka litakuwa la Kirimi.

Kagwiria alinipigia simu nikiwa Embu. Nilipofika nilimkuta amesafisha duka mpaka sakafu imebadilika rangi. Sufuria zilikuwa zimepangwa ukutani kwa ukubwa. Lililobaki ni bango tu.

"Unataka niandike nini?"

"Glad Hotel. Si ndivyo wananiita?"

"Na hili la Mutwiri nitalitoa?"

Alitazama chini. "Fundi, kila asubuhi mtu anakuja na baiskeli. Wengine wanatoka mbali, hawajasikia. Anasimama hapo mlangoni anaita, Mutwiri! Mutwiri! Mimi ndiye natoka kumwambia. Kila asubuhi namzika upya. Nimechoka."

Sauti ikatoka nyuma yetu. "Na mimi?"

Mzee M'Rutere alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya ukuta, koti na kofia, fimbo kati ya magoti. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Baba," Kagwiria alisema, "sikukuona."

"Mimi naona. Fundi, wewe si wa huku, ama ni wa huku nusu. Jua hili. Kwetu mtu hafi kabisa kama jina lake limepata mtoto wa kulibeba. Mutwiri alizaa wasichana. Kaka zake bado hawajampa mtoto yeyote jina lake. Jina lake halina mtu. Lipo pale tu." Akaelekeza fimbo kwenye bango. "Mnataka kulisugua, halafu juu yake mwandike kicheko?"

"Baba, si kicheko."

"Kila mtu aliyeenda shule anajua glad ni nini. Hata mimi niliyesoma gumbaru, shule ya watu wazima." Akainuka. "Jumatano mnafungua. Nitakuja kunywa chai ya kwanza kama inavyotakiwa. Nikikuta mwanangu amefutwa, nina kufuli. Kirimi ataleta mbegu zake."

Akaenda zake taratibu. Nimewaona wazee wakali wengi, lakini ukali wa huyu haukuwa wa ubishi. Alikuwa baba anayelinda mahali pa mwisho palipoandikwa jina la mwanawe.

Tukabaki wawili. Nikamweleza Kagwiria habari ya Mwalimu Njeru, kamusi, mbuzi na yote. Alisikiliza akiwa ameshika kitambaa cha kupangusia.

"Kwa hivyo si kufurahi? Ni kung'aa tu?"

"Zamani. Siku hizi ni kufurahi."

"Mimi kufurahi sijaanza," alisema. "Lakini sufuria zangu zinang'aa."

"Ila kuna jambo moja. Mwalimu aliniambia jina la Gladys ni la watu wengine, wa Wales. Halihusiani na glad hata kidogo. Yamefanana tu."

Kwa mara ya kwanza nilimsikia akicheka, kicheko kifupi cha puani. "Basi aliyenibatiza alinidanganya. Hata hivyo Kagwiria ni langu." Kagwiria, kwa wasiojua Kimeru, ni yule anayewafurahisha wengine. Nyanya yake aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyetoka kwake na njaa.

Nililishusha bango, nikalilaza juu ya stuli mbili nyuma ya duka. Nikalowesha msasa. Nikaweka mkono juu ya ile M.

Fundi Abdalla alikuwa ameshafariki, lakini bega langu lilisikia fimbo yake. Lisugue mpaka kiganja kipite. Na mara hiyo moja, katika miaka yote ya kazi yangu, nilimkatalia. BAISKELI nililisugua lote, lakini kwenye MUTWIRI nilisugua nafasi zilizo kati ya herufi tu, polepole, kwa msasa mwembamba, ili rangi mpya ipate pa kushika. Herufi zenyewe nilizipitia kwa juu tu kuzitoa mng'aro, na kingo zao sikuzigusa. Nikapaka rangi ya fedha ili nyekundu isipenye. Ilipokauka nikapaka rangi ya maziwa. Kisha nikapiga uzi wa chaki, nikatafuta katikati, nikaandika GLAD HOTEL kwa bluu ya glosi, kwa mkono ambao sijui kama niliwahi kuwa nao tena.

Nikamwita Kagwiria. "Unaona nini?"

"Glad Hotel. Ni safi sana. Baba atafunga."

"Sasa weka kidole pale palipokauka."

Akapitisha kidole juu ya rangi ya maziwa. Kikakwama. Kikapanda, kikashuka, kikapanda. Akauondoa mkono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Kisha akaurudisha.

"Mutwiri," alisema, kwa sauti ya kumwambia mtu aliye karibu.

Nikamweleza mpango wangu. Duka linatazama kaskazini. Jua la asubuhi huja kutoka ubavuni, linapita juu ya bango bila kuligonga usoni. Mzee akija mapema, kabla jua halijapanda, atamwona mwanawe amesimama pale, kivuli kwa kivuli, chini ya bluu. Na watu wa baiskeli wakipita mchana hawataona ila hoteli. Nilijiona mwerevu kuliko Waholanzi wote.

Jumatano kukawa na ukungu.

Mnaojua Githongo mwezi wa saba mnajua nasema nini. Ukungu wa kule haupiti, unakaa kama mgeni aliyekuja na watoto. Hukuweza kuona upande wa pili wa barabara. Jua lilikuwa habari ya kusikia. Wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wamejaa ndani, chai imemiminwa, chapati zinatoa moshi, na hakuna aliyegusa kikombe, kwa kuwa mzee mwenye ploti hunywa kwanza. Kirimi alikuwa mlangoni, mikono mifukoni.

Mzee M'Rutere akatokea kwenye ukungu. Akasimama chini ya bango. Akalitazama kwa muda, rangi ya maziwa tupu na bluu inayong'aa. Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kufuli.

"Mmemtoa," alisema.

Nilitazama mashariki. Hakukuwa na mashariki.

Kagwiria akatoka na aproni yake. Alitaka kumshika mkono. Niliuona mkono wake ukianza kuinuka. Lakini mke wa mwana hamshiki baba mkwe wake mkono mbele za watu, na alijizuia. Akanigeukia.

"Fundi. Mshike Baba mkono. Muinulie."

Mlango wa duka lile ni mfupi na bango liko chini. Hata mimi hulifikia. Nikamshika mzee kifundo cha mkono. Alikuwa na kiganja kigumu cha mtu wa kahawa. Hakunikatalia, nadhani kwa mshangao. Nikakiinua mpaka kwenye ubao, mwanzoni kabisa, upande wa kushoto.

Vidole vikatulia. Vikasogea. Vikarudi.

"Hii ni nini?"

"Endelea, Mzee."

"Hii inapanda." Akafumba macho. "Inashuka. Inapanda tena. Hii ni M." Nikauachilia mkono wake, na ukaendelea wenyewe, kama mtu anayetafuta njia nyumbani kwake gizani. "U. Hii ni U." Alisoma kila herufi kwa sauti, jinsi walivyofundishwa gumbaru, mpaka I ya mwisho. Hapo akabaki ameuweka mkono.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungekataa, Baba," Kagwiria alisema.

"Ningekataa." Akapangusa pua. "Na hii mpya ya juu, hii glad. Nieleze hasa ni nini."

Mimi nikajaza mapafu. Nilikuwa na Wajerumani tayari. Kagwiria akaniwahi.

"Ni kung'aa, Baba."

Mzee akageuka akautazama ukungu. "Leo haing'ai."

"Leo ni ukungu."

"Hmm." Akaingia ndani, akainama chini ya mlango, akaketi mahali palipoachwa wazi. Akaweka kufuli mezani kando ya kikombe. Akanywa, na kila mtu akanywa. Alipomaliza alilisukuma lile kufuli kwa kidole mpaka upande wa Kagwiria, na ufunguo juu yake.

"Jioni utafungia," alisema. "Huku kuna wezi."

Vijana, hilo ndilo ninalotaka kuwaambia kuhusu kazi. Mteja akija na neno zuri kwenye simu yake akitaka mlichape kabla ya saa sita, chapeni. Mashine zenu ni nzuri, na mimi huja kuzitazama kwa wivu. Lakini muulizeni kwanza ukutani palikuwa na nini. Wakati mwingine kazi yote iko hapo. Mimi nilijua glosi na msasa, Mwalimu Njeru alijua neno lilikotoka, na kama mmoja wetu angekuwa peke yake, lile kufuli lingekuwa mlangoni.

Miguu yangu ilikoma kutangatanga. Mkono ulianza kutetemeka kabla yake, na fundi wa herufi akitetemeka ni afadhali awe mteja. Nilipanga chumba Githongo, karibu na hoteli ile. Nina kiti changu karibu na dirisha. Ukungu ulipokwisha mwaka ule, nilimwona Mzee akija kila asubuhi kabla jua halijapanda, akivuka barabara na kusimama upande wa pili na fimbo yake. Jua likaja kutoka ubavuni na MUTWIRI akasimama chini ya bluu, wazi kabisa, mpaka chai ilipokuwa tayari. Kisha jua lilipanda, jina likashuka, na Mzee akaingia kunywa. Hakuna mtu aliyeita tena na baiskeli. Watu wanakuja kuita chapati.

Mwaka huu mke wa Kirimi amejifungua mvulana. Wale wakubwa wake wawili walikuwa wamebeba majina ya babu zao wa pande zote mbili, kwa hiyo huyu akafika mahali ambapo jina la ndugu linaingia. Mzee alimleta mwenyewe, amefungwa shali, akampitisha kwa kila meza kama kikapu cha sadaka.

"Mutwiri," alisema. "Huyu ni Mutwiri. Msalimieni."

Tukamsalimia. Kagwiria alimbeba, na uso wake siwezi kuueleza ila kwa lile neno la kwenye bango, maana zote mbili.

Kisha Mzee akanijia pale dirishani. "Fundi Mutegi. Jina sasa lina miguu. Lisugue lile bango, uandike vizuri, laini, kama ulivyofundishwa. Kazi yake imekwisha."

Niliinuka. Msasa ninao daima, mfukoni, ni tabia tu. Nikautoa. Nje jua lilikuwa bado chini, na herufi zilikuwa zimesimama zote saba.

"Baba," Kagwiria alisema kutoka jikoni, mtoto begani, "kunywa chai kwanza."

Akanywa. Akaongezwa kikombe, akanywa na hicho. Tulipotoka jua lilikuwa limepanda, na juu ya mlango kulikuwa na GLAD HOTEL peke yake, inang'aa. Mzee akaliangalia, akaniangalia.

"Kesho," alisema.

Hiyo ilikuwa miezi mingi iliyopita. Msasa ungali mfukoni mwangu.